Elektroni Haiulizi Ulisomea Wapi

Mtu akisema anasoma Kiingereza cha biashara kwa mtandao, hupongezwa. Akisema anasoma uhasibu, huulizwa ada ni kiasi gani. Akisema anasoma fizikia ya kwanta, watu hutazamana, kisha mmoja mwenye shahada hujitwika jukumu la kumrudisha duniani: "Mdogo wangu, hayo mambo hayasomwi kwenye simu."

Kauli hiyo imekwisha kuwa msimamo wa wengi. Utaisikia kwa mhadhiri anayelinda kitivo chake, kwa mwajiri anayepekua vyeti, na kwa mzazi anayeona bando linaisha usiku wa manane bila kuona faida yake. Chini yake imelala methali tuliyolelewa nayo: asiyekuwepo na lake halipo. Hoja zenyewe ni nne, na hurudiwa kwa mpangilio uleule: hakuna maabara, hakuna mwalimu wa kumuuliza, wanaoanza hawamalizi, na cheti hakina uzito. Nitazijibu zote nne. Lakini kwanza niseme ninachokitetea, ili tusipigane na kivuli. Ninadai kwamba katika matawi yote ya fizikia, kwanta ndilo linalopoteza kidogo kabisa likisomwa kwa mbali. Anayetaka kulinda kiwango cha somo hilo aulinde mtihani. Kiti cha ukumbini hakina kiwango cha kulindwa.

Nitenge pia kisichohusika. Mtandao umejaa watu wanaouza "uponyaji wa kwanta", "utajiri wa kwanta" na mafuta ya kujipaka yaliyobatizwa jina hilo. Upo pia utitiri wa video za dakika kumi zenye muziki wa kutisha na paka aliye hai na mfu kwa wakati mmoja. Hao wa kwanza ni matapeli, na hizo za pili ni burudani. Ninaposema kusoma kwanta kwa mtandao nina maana ya kozi ya chuo kikuu, kitu chenye muhtasari, mihadhara iliyopangana, mazoezi ya kila wiki, tarehe ya mwisho na mtihani. Mfano upo: kozi za fizikia ya kwanta za chuo cha MIT cha Marekani. Mihadhara ya Allan Adams ya mwaka 2013 imewekwa wazi kwa dunia nzima pamoja na mazoezi na mitihani yake. Barton Zwiebach, aliyezaliwa Lima na kupata shahada yake ya kwanza ya uhandisi wa umeme hukohuko Peru, amefundisha mfululizo mzima, kutoka kozi ya utangulizi hadi ya tatu, na wote umerekodiwa na kutolewa bure. Anayeziita hizo "mambo ya simu" hajawahi kufungua zoezi la wiki ya pili.

Tufungue basi hilo zoezi, kwa sababu ugomvi wote huu unaamuliwa hapo. Ifungie elektroni moja katika boksi la mstari mmoja lenye urefu wa nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, isiweze kutoka upande wowote. Fizikia ya zamani ingeiruhusu elektroni hiyo iwe na nishati yoyote, hata sifuri. Kwanta inakataa. Elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi lililobanwa kati ya kuta mbili lazima life kwenye kila ukuta. Kwa hiyo yanayoweza kuingia ni nusu-mawimbi kamili tu: moja, mawili, matatu. Andika mlinganyo wa Schrödinger wa mwaka 1926, ule unaoeleza mwenendo wa wimbi hilo, weka masharti hayo ya kuta, na nishati zinajitokeza zenyewe. Ngazi ya kwanza ni elektronivolti 0.376. Ya pili ni mara 4 ya hiyo, ya tatu mara 9, na katikati hakuna kitu. Elektroni ikishuka kutoka ngazi ya pili hadi ya kwanza hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 1,100, ambao jicho la mtu halioni. Sasa lipunguze boksi liwe nanomita 0.7, urudie hesabu. Mwanga unakuwa wa nanomita 540 hivi, kijani. Kilichobadilika ni ukubwa wa boksi tu, na giza limegeuka rangi.

Wazo hilohilo, likiongezewa mambo ambayo boksi hili rahisi limeyaacha, ndilo linaloeleza vitone vya kwanta, chembe ndogo mno zinazotia rangi katika vioo vya baadhi ya televisheni za siku hizi. Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi ya kuvigundua na kuvitengeneza.

Sasa nauliza: ni hatua gani katika hesabu ile iliyohitaji mhadhiri awe chumba kimoja na mwanafunzi? Katika mekanika, mwalimu anaweza kurusha mpira. Katika umeme anaweza kuwasha taa. Katika kwanta hata profesa mwenye Nobel hana elektroni ya kushika mkononi na kuwaonyesha walioketi mbele. Anachora mchoro uleule unaoonekana kwenye kioo cha simu, anaandika mlinganyo uleule, na kisha kila mtu, wa mbele na wa nyuma, wa ukumbini na wa Songea, anabaki na karatasi, kalamu na kichwa chake. Somo hili limejengwa juu ya kisichoonekana. Njia ya kulifikia ni kukokotoa, na kukokotoa hufanywa na mtu peke yake, popote alipo.

Hapo ndipo watetezi wa ukumbi wanapochanganya kusikiliza na kujifunza. Kila aliyesimama kando ya bao ni fundi, mpaka apewe kete. Mwaka 2019 Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika madarasa ya fizikia: wanafunzi waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri waliamini wamejifunza zaidi, lakini walipopimwa, waliokuwa wamelazimishwa kuhangaika na maswali wenyewe ndio waliokuwa wamejifunza zaidi. Matokeo hayo yanawachapa wote wawili: anayejisifu kwa kutazama video arobaini bila kushika kalamu, na anayejisifu kwa kuhudhuria mihadhara arobaini bila kushika kalamu. Tofauti yao ni kwamba wa pili ana kitambulisho cha chuo.

Kozi nzuri ya mtandaoni inamnyima mwanafunzi starehe hiyo. Anaandika jibu lake la ngazi ya nishati, mfumo unalipima papo hapo, na ukikataa anajua usiku uleule kwamba kuna mahali amesahau 2 au pai. Katika kumbi zetu nyingi zoezi hukusanywa, hukaa, na hurudi na alama nyekundu wakati darasa limeshasonga mada tatu mbele. Simlaumu mhadhiri mwenye mamia ya wanafunzi na msaidizi mmoja. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hali hiyo ndiyo kipimo cha ubora ambacho mtandao hauwezi kukifikia.

Tuje kwenye maabara. Hoja hii inasikika nzito mpaka uulize ni maabara ya kozi ipi. Katika vyuo vingi, kozi ya kwanta ya shahada ya kwanza ni ya nadharia hata kwa wanaolala bwenini. Majaribio hufundishwa katika kozi nyingine, yenye jina lake na alama zake. Ukimkatalia mtu wa mtandaoni kozi ya nadharia kwa sababu haina maabara, itakubidi uwafutie na waliosoma chuoni.

Na hata hayo majaribio si yote yaliyofungiwa chuoni. Chukua taa ndogo za LED za rangi tofauti, betri, kipingamizi, na mita ya umeme ya fundi, vitu vinavyopatikana kwa muuza vifaa vya elektroniki pale Kariakoo. Pima volti ambayo kila taa inaanza kuwaka. Nyekundu itawaka mapema, bluu itadai volti zaidi, kwa sababu fotoni ya bluu ina nishati kubwa zaidi. Chora grafu ya volti dhidi ya masafa ya mwanga, na mwinamo wake, ukiuzidisha kwa chaji ya elektroni, utakupa makadirio ya namba ambayo Max Planck aliileta duniani mwaka 1900. Yatakuwa makadirio yasiyo sahihi sana, na kueleza kwa nini si sahihi ni somo jingine zima. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanza kufundisha mwaka 1971, kiliwatumia wanafunzi wake wa sayansi masanduku ya vifaa vya majaribio kwa posta. Mwaka 2016 IBM iliunganisha kompyuta ya kwanta yenye kyubiti (biti za kwanta) 5 kwenye intaneti, na mtu yeyote mwenye akaunti aliweza kuitumia kutoka mbali. Kifaa chenyewe hufanya kazi ndani ya jokofu lenye baridi inayokaribia sifuri halisi, kwa hiyo hata mtafiti aliye katika jengo moja nacho hukiendesha kwa kibodi.

Nakiri bila kusukumwa: anayetaka kuwa mwanafizikia wa majaribio, wa kupanga leza na kutengeneza ombwe, hawezi kuukwepa mkono wa fundi na meza ya maabara. Huyo lazima asafiri. Lakini wanaosoma kwanta ni wengi kuliko wanaotaka kazi hiyo: yumo mwalimu wa sekondari, mhandisi wa mawasiliano, mwanakemia, mtaalamu wa kompyuta. Kuwafungia wote mlango kwa sababu ya mahitaji ya mmoja ni uvivu wa kufikiri.

Hoja ya pili ni ya mwalimu. Nani atamjibu mwanafunzi akikwama? Swali hili lina ukweli ndani yake. Mtu aliyekwama peke yake siku nne kwenye namba changamano anahitaji mtu. Ila tusijifanye kwamba ukumbi wa watu mia tatu unampa. Anayeinua mkono pale ni mmoja, na mara nyingi ndiye asiyehitaji. Msaada wa kweli chuoni hutoka kwa kikundi cha wenzako watano chini ya mwembe, na kikundi hicho kinaweza kuundwa Mwanza, Kisumu au Bujumbura na watu wanaofuata kozi moja.

Historia ya somo lenyewe inawaumbua wanaodai uwepo. Mwaka 1924 mwanafizikia Satyendra Nath Bose alikuwa akifundisha Dhaka, mbali kabisa na Berlin na Göttingen. Kwanta aliijua kupitia vitabu na makala zilizosafiri kwa meli. Akatafuta njia mpya ya kuifikia sheria ya Planck ya mnururisho kwa kuzihesabu fotoni kama chembe zisizotofautishika, akaandika makala fupi, akaituma kwa barua kwa Albert Einstein. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani mwenyewe na kuipeleka ichapishwe. Leo moja ya makundi mawili makuu ambamo kila chembe katika fizikia huwekwa linaitwa bosoni kwa jina lake. Huyo hakuwepo, na lake likawepo. Methali yetu ni nzuri kwa mambo ya mirathi na mikutano ya ukoo. Tusiipeleke mahali pasipo pake.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa zaidi kwa sababu ina takwimu. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha mwaka 2019 uchambuzi wa kozi za mtandaoni za Harvard na MIT: katika mwaka wa masomo 2017/18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya walioshiriki. Wapinzani huishia hapo, wakafunga kitabu. Uchambuzi uleule unasema kwamba miongoni mwa waliolipia ili wathibitishwe, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Tofauti hiyo inaeleza kila kitu. Kujiandikisha bure kunagharimu kubofya mara moja. Ni sawa na kupita dirishani kuchungulia darasa. Hakuna chuo kinachowahesabu wapita njia kuwa ni wanafunzi walioacha masomo.

Zaidi ya hapo, asilimia hupumbaza pale ambapo idadi ndiyo yenye maana. Kozi ya saketi na elektroniki ambayo MIT iliitoa kwa mtandao mwaka 2012 iliandikisha watu 154,763, na waliofaulu ni 7,157. Hawafiki asilimia 5. Lakini hebu tafuta ukumbi wowote utakaofaulisha watu elfu saba katika somo la uhandisi kwa muhula mmoja. Na tukiuliza kama waliobaki walijifunza kweli, jibu lipo angalau kwa fizikia ya mekanika: David Pritchard wa MIT na wenzake waliwapima washiriki wa kozi yao ya mtandaoni kabla na baada, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Walioingia na msingi dhaifu walipiga hatua sawa na walioingia na msingi imara, na kwa jumla hatua hiyo ilizidi kidogo ile ya madarasa ya kawaida ya mihadhara, ingawa haikufikia madarasa ambamo wanafunzi hushirikishwa kwa nguvu. Mekanika si kwanta, najua. Ila anayedai kwamba kwanta itakuwa kinyume ana deni la ushahidi.

Kasoro halisi za njia hii ni nyingine kabisa, na inashangaza kwamba wapinzani hawazitaji. Uchambuzi ule wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa washiriki wengi wanatoka nchi tajiri. Bando ni ghali kwa mtu anayehitaji saa nyingi za video. Majukwaa kadhaa yaliyoanza kwa ahadi ya elimu bure sasa yamefungia mazoezi ya alama nyuma ya malipo ya dola, na mwalimu wa shule ya kata hana dola za kuchezea. Na hesabu ni ukuta kweli: bila kalkulasi, namba changamano na aljebra ya matriksi, mtu atazama wiki ya tatu hata akikesha. Lakini angalieni: hizi ni kasoro za bei na maandalizi, na zote zina dawa. Mihadhara inaweza kupakuliwa mara moja na kutazamwa na watu kumi. Mazoezi ya MIT yaliyowekwa wazi hayadai senti. Na mhitimu wa Kidato cha Sita wa mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) hapa Tanzania ameshakutana na namba changamano na milinganyo ya kalkulasi; anachohitaji ni kuamshwa.

Imebaki ya cheti, na hapa ndipo ninapokubaliana na wapinzani nusu ya safari. Ni kweli, cheti cha kuchapa nyumbani hakithibitishi aliyeketi mbele ya kompyuta ni nani, na leo programu za akili mnemba zinaweza kukokotoa lile boksi la nanomita 1 kabla hujamaliza kusoma swali. Nisingempa mtu kazi kwa karatasi hiyo peke yake. Lakini programu hizohizo zimo mifukoni mwa wanafunzi wa bwenini wanaoandika kazi za nyumbani. Tatizo la udanganyifu ni la sote, na dawa yake inajulikana tangu zamani: chumba, msimamizi, saa tatu, na simu zote mezani pake.

India wameliona hilo. Mpango wao wa NPTEL, unaoendeshwa na taasisi zao kuu za teknolojia, hutoa kozi za mtandaoni bure, zikiwamo za kwanta, na anayetaka cheti hulipa ada ndogo na kwenda kufanya mtihani ana kwa ana katika kituo kinachosimamiwa. Kanuni za tume yao ya vyuo vikuu za mwaka 2016 ziliruhusu hadi asilimia 20 ya masomo ya programu katika muhula kutoka kwenye kozi za jukwaa la taifa la SWAYAM. Mwaka 2021 wakapandisha hadi asilimia 40. Nchi hiyo haikulegeza kiwango. Ilihamisha ulinzi kutoka mlangoni mwa darasa ikauweka mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Sisi tuna nini cha kutuzuia? Sheria iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni ya mwaka 1992. Tumekubali kwa zaidi ya miaka 30 kwamba mtu anaweza kusoma sheria, elimu na sayansi akiwa kwake na kuja kufanya mtihani kituoni. Kwamba tulikubali hilo enzi za barua na kanda za kaseti, kisha tukalitilia shaka enzi za video na mazoezi yanayojisahihisha, ni jambo linalohitaji maelezo kutoka kwa wenye shaka.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila kitivo cha fizikia Afrika Mashariki kitangaze mtihani wa changamoto wa kozi yake ya kwanta, mara moja kwa mwaka, kwa ada inayolingana na gharama ya kuusimamia. Ukumbi uwe wa chuo, maswali yatungwe na wahadhiri wa chuo, usahihishaji uwe wao. Tume za vyuo vikuu zitambue alama hiyo kama zinavyotambua alama ya aliyeketi muhula mzima. Aliyesomea kwa Zwiebach, kwa NPTEL, au kwa kitabu cha kuazima chini ya taa ya sola, aruhusiwe kuingia. Akishindwa, arudi akasome. Akifaulu, apewe kozi yake, kwa sababu mlinganyo wa Schrödinger hauna swali linalouliza ulikuwa umekaa wapi ulipojifunza kuutatua.

Na wale wanaosisitiza kwamba haiwezekani kabisa kujifunza kwanta kwa mtandao, hao ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kuunga mkono mtihani huo. Hautawagharimu kitu. Kama wana hakika, karatasi zitakusanywa tupu na mjadala utafungwa siku hiyohiyo. Wakiukataa, basi tujue kwamba wanachokiogopa ni karatasi zitakazorudi zimejaa majibu sahihi.